Mbuzi wa Ntheo na Mwalimu wa Kisanskriti

Mimi si mtu wa kushangazwa, na anayebisha aje aniulize. Nilifika Doha na begi moja na viatu vya kuazima, nikasimama langoni pa mnara wa West Bay nikiwafungulia watu ambao hata hawanioni, na leo nina mabasi sita barabarani yanayobeba wafanyakazi wa hoteli, na jina langu limo kwenye mkataba chini ya jina la mshirika wangu mwenyeji. Shule niliiacha darasa la sita. Nimemwona tajiri akilia kwa sababu lifti imekwama, nimemwona maskini akicheka siku ya kufukuzwa kazi. Kwa hiyo mwanangu aliponiambia kwamba atakayeamua kama ataoa au hataoa ni mzee mmoja wa Kihindi aliyefundisha Kisanskriti maisha yake yote, sikushangaa. Niliuliza tu hicho Kisanskriti kinauzwa wapi.

"Hakiuzwi, mzee. Ni lugha. Ya zamani sana. Siku hizi watu hawaiongei nyumbani."

"Na huyo alikuwa akimfundisha nani?"

"Watoto wa watu," akasema, akaangalia sahani yake. Alikuwa hajagusa chakula. Hapo ndipo nilipoweka chapati yangu chini, maana huyu kijana tangu azaliwe sijawahi kumwona akiacha chapati.

Msichana mwenyewe tulikuwa tunamjua. Anafanya kazi ya kompyuta ofisi moja na mwanangu, na ameshakula kwetu Al Rayyan mara nyingi, mboga na wali, kwa sababu kwao nyama hailiwi. Mke wangu alimpenda mapema kuliko mimi. Mambo ya kanisa na hekalu vijana walikuwa wameshayazungumza na mama zao wote wawili. Yalikuwa na machozi yake, siyaandiki hapa. Kilichobaki kilikuwa babu. Baba wa msichana alifariki binti akiwa mdogo, mama yake akaja huku kufanya kazi ya uuguzi, na babu ndiye aliyemlea. Sasa mzee alikuwa amekuja Doha kutembea na alikaribia kurudi kwao. Na msichana alisema wazi, mbele yangu, mikono imekunjwa: "Baba, nampenda mwanao. Lakini babu akikataa, sitapingana naye."

Mtu akisema hivyo na macho makavu, anamaanisha.

Sasa mimi ni mtu wa lango. Kila lango lina mtu anayelifungua, na kila mtu wa aina hiyo ana kitu anachokipenda. Huyu ni mpira, huyu ni kahawa, yule umuulize tu habari za mama yake. Nikamuuliza msichana babu anapenda nini.

"Kriketi na mizizi."

"Mizizi ya miti?"

"Ya vitenzi, baba." Akanieleza polepole, kama unavyomweleza mtu njia ya kwenda hospitali. Kwamba wale wataalamu wa zamani walilichukua kila neno la kutenda wakalivua nguo zote, wakabaki na kitu kidogo kama mbegu, na kutoka mbegu hiyo ukijua kanuni unaotesha mti mzima. Kwamba babu yake aliweza kukaa na mzizi mmoja kuanzia chai ya asubuhi hadi chakula cha mchana.

"Nipe mmoja," nikasema. "Mmoja tu, ule mzuri. Nitaujua wote."

Akafikiri. "Chukua daa. Ni kutoa, kupa. Si unakuja kuomba upewe?"

Nilifurahi sana. Niliona lango linafunguka. Kusoma maandishi yao siwezi, kwa hiyo akanirekodia sauti kwenye simu, nami nikawa nazisikiliza ndani ya basi asubuhi. Langoni nilikuwa najua namba za magari ya mnara mzima bila kuandika, sembuse maneno. Nayaandika hapa kama nilivyoyasikia. Dadaati, anatoa. Dadaami, natoa. Alinionyesha kwamba mzizi unajirudia mbele yake mwenyewe, da-daa, kama mtu anayebisha hodi mara ya pili. Dehi, toa! Daasyaami, nitatoa. Ditsati, ana hamu ya kutoa ila bado hajatoa, neno moja tu. Daataa ni mtoaji, daana ni kile kitolewacho. Na lile lililonipendeza kuliko yote, dadau: alitoa, lakini zamani, wewe unayesema hukuwepo kuona. Wana umbo zima la neno kwa ajili ya mambo ambayo hukuyaona kwa macho! Nikafikiri, laiti polisi wa kwetu wangekuwa nalo.

Nikaanza kuwapima abiria. Basi la saa kumi na moja limejaa mataifa. "Wewe, kwenu kutoa mnasemaje?" Mnepali akasema dinu. Mhindi wa jikoni akasema dena. Msri Lanka akasema denawa. Mbangali naye neno lake lilianza vilevile. Siku nyingine nikamuuliza Muirani muuza zafarani pale Souq Waqif, akanitazama kama mwendawazimu, akasema dadan. Mwili ukanisisimka. Msichana akanithibitishia: wote hao ni ukoo mmoja na Kisanskriti, na Wagiriki na Warumi wa kale pia wamo, na nyuma yao kulikuwa na lugha moja ambayo hakuna aliyewahi kuiandika, inajulikana kwa watoto wake tu. Lakini dereva wangu wa Kerala alipojibu kodukkuka, nilikosa amani siku nzima, nikidhani msichana kanidanganya nitakwenda kuaibika. Nikampigia simu yuko kazini. Akacheka: "Baba, huyo ni ukoo mwingine kabisa. Endesha gari."

Nilikuwa na sababu ya kukosa amani. Ndugu yangu mkubwa alikuwa ananipigia kutoka nyumbani Machakos kila mara, na swali lake lilikuwa lilelile.

"Ntheo itakwenda lini?"

Asiye Mkamba nimweleze. Kwetu mahari ni hadithi ndefu, unaweza kulipa mpaka uzeeke. Lakini ntheo ni mbuzi watatu, majike wawili na beberu, na wasipofika kwa wenye binti, hakuna ndoa. Mfunge ndoa kanisani, mpige picha na maua, bado yule mwanamke ni mgeni aliyekuja kutembea. Watoto wake hawahesabiwi kwenu. Akifa, kaburi lake linaleta maneno.

"Kaka, hawa ni Wahindi," nikamwambia.

"Hata wawe malaika. Bila ntheo sisi hatuji harusini. Usituletee mgeni ukamwita mke."

Mimi ndiye niliyeamua mbuzi watoke hapa hapa Doha. Mzee akisharudi India nitawapelekaje? Mbuzi hapati viza. Mwanangu aliponusa mpango huo akaja chumbani kwetu. "Mzee, tafadhali. Usije na mbuzi. Njoo na mdomo wako tu." Nikamwambia sawa. Sikusema sawa ya nini.

Mke wangu nilimwambia ukweli tukitoka kanisani Mesaimeer, maana huku ibada ni Ijumaa, siku ile ile tuliyoitwa kwenda kumwona babu.

"Baba watoto, wale watu hawali nyama."

"Nani kasema wale? Nimesema wapokee."

"Utatuaibisha."

"Mimi? Lini?"

Akafungua mkoba akatafuta kitu ambacho hakikuwamo. Nilikuwa nimeshanunua mbuzi soko la mifugo la Wakra, mbuzi wa Kisomali weupe, wasafi kuliko watu wengine ninaowajua. Pikapu ya Mpakistani ilitufuata hadi kwenye jengo la kina msichana, ikaegesha nyuma. Mlinzi wa pale ni Mganda, nikampungia mkono kama mkubwa wa zamani wa kazi ile, nikamwachia namba yangu ya simu. Kwenye lifti nilisimama nikiangalia namba zikipanda. Nikawa narudia kwa kunong'ona, daasyaami, daasyaami, na mke wangu akadhani nasali, akasema amina.

Babu alikuwa mtu mdogo, mkavu, amevaa sweta ingawa hakukuwa na baridi, ananukia dawa ya kuchua. Kriketi ilikuwa inaendelea kwenye simu aliyoiegemeza kwenye bakuli la sukari. Hakuinuka. Alinikagua tangu viatu hadi kichwani, kama mimi nilivyokuwa nikiwakagua mafundi langoni. Kiingereza chake kilikuwa cha vitabu, changu cha lindoni. Tulielewana palipobidi, na pasipobidi msichana alisaidia. Mama yake alileta chai, tamu ya kuuma meno, akakaa pembeni. Mwanangu alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayesubiri majibu ya daktari.

"Umesoma mpaka wapi?" Hiyo ndiyo salamu niliyopewa.

"Darasa la sita. Lakini nina mabasi sita."

"Basi moja kwa kila darasa," akasema, bila kutabasamu. "Ungefika chuo kikuu msongamano ungekuwa mkubwa."

Mke wangu akakohoa ndani ya kikombe. Mimi nikaona ndiyo hapo. Nikaweka chai chini, nikasimama, nikautoa mzizi wote. Dadaati, dadaami, dehi, nikaenda hadi ditsati bila kukwama, nikamalizia na dadau. Yule mzee alinyoosha kidole akazima kriketi.

"Tena. Ya wakati ujao. Umeifupisha."

"Daasyami."

"Ile a ya katikati! Vuta. Unavuta kamba, huli karanga."

"Daasyaami."

Akapiga meza kwa kiganja. "Haya! Huyu wa darasa la sita anavuta vizuri kuliko wanafunzi wangu wa shahada." Akageukia binti na mama yake akasema maneno mengi ya kwao, na wote wakacheka kwa mara ya kwanza. Akaniuliza kwetu mzizi wa kutoa ni upi. Nikamwambia kwa Kiswahili ni pa, basi. Sauti moja. Nipe, mpe, pewa, peana, na mtu akizaliwa na akili ya kitu tunasema ana kipaji au kipawa, maana amepewa. Aliyarudia hayo taratibu, mdomo ukifunguka na kufumba: pa, pewa, kipawa. Macho yake yalikuwa ya mtoto aliyepewa peremende.

"Na unajua," akasema, akinisogelea, "daa huyuhuyu ukimwekea kitu kidogo tu mbele, aa, anageuka. Aa-daa. Inakuwa kuchukua! Kutoa na kuchukua ni mtu mmoja, kageuza tu uso. Wanafunzi wangu walikuwa wanalia hapo."

Nilimtazama mwanangu. Alikuwa amepata rangi. Mke wangu alikuwa anatabasamu. Nikasema moyoni, mzee wewe, umeuweza mlima, maliza sasa. Na hapo ndipo nilipoharibu.

"Mzee," nikasema, "kwa kuwa tunazungumza habari za kutoa, mimi sikuja mikono mitupu. Kule chini nina mbuzi watatu. Ni wa binti yako. Pokea, tuanze."

Msichana hakutafsiri. Hakukuwa na haja, nilikuwa nimesema kwa Kiingereza cha lango, kikubwa, cha kusikika mpaka barabarani.

Babu aliweka kikombe chake chini. Aliponijibu sauti ilikuwa ndogo.

"Nimeufundisha mzizi huu kwa watoto ambao sasa wana wajukuu. Unajua nawaambia nini kuhusu daana? Kwamba hairudi. Mtu anapomtoa binti yake, ndiyo daana kubwa aliyonayo. Akipokea kitu badala yake, hata mbuzi, hata unyoya, hajatoa. Ameuza. Na wewe umekuja na neno hilo mdomoni mwako, nyumbani kwangu, kuninunua?"

"Sinunui, mzee, hii ni desturi..."

Alikwisha kuinuka. Aliingia chumbani, akafunga mlango. Hakuubamiza. Aliufunga polepole, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Mzee, nilikuambia," mwanangu akasema. Hakupaza sauti. "Nilikuambia kwa Kiswahili na kwa Kikamba."

Msichana alikuwa amejishika shingo. "Baba, kwa nini hukuniuliza? Ningekuambia. Ningekuambia kwa dakika moja."

Nikaanza kueleza kwamba si bei, na habari za kaka yangu. Ndipo simu ikalia. Mlinzi Mganda. "Mzee, tafadhali shuka. Mbuzi yako imeruka inakula maua ya mwenye nyumba."

Nikashuka, na safari ya lifti sijaona ndefu kama ile. Beberu alikuwa kwenye vyungu vya mlangoni amebakiza vijiti. Mpakistani anamvuta masikio, Mganda anacheka amejishika kiuno. "Mzee," akaniambia, "kwetu mtu akileta mbuzi kwa wakwe, huimba. Wewe mbona una uso wa mahakamani?" Tukampandisha, nikaketi kwenye ubao wa nyuma wa pikapu, miguu inaning'inia. Simu ikalia tena. Kaka. Nikaitazama ikilia hadi ikakata, ikaanza tena.

Nifikirie nini? Nikimkubali mzee, nipande juu niombe radhi, niseme mbuzi nimeshawarudisha, labda atamtoa binti. Na kwetu atakuwa mgeni hadi kufa, na wajukuu wangu wataitwa watoto wa njiani kwenye kila matanga. Nikimsikiliza kaka, hakuna binti. Nilimwona mwanangu akizeeka mezani bila kugusa chapati. Nimewahi kudaiwa, nimewahi kutishiwa kurudishwa nyumbani, viza ikiwa imeisha na mshahara haujaja, na sikuwahi kuogopa hivyo. Maana matatizo yale yalikuwa yangu. Hili lilikuwa la mtoto, na mimi ndiye niliyelileta kwa pikapu.

"Yupi mama?"

Nikageuka. Babu alikuwa amesimama kwenye kivuli cha jengo, ndani ya sweta lake, ndara miguuni. Alikuwa ameshuka peke yake.

"Bado hakuna mama," nikasema. "Hao majike ni wachanga."

Akasogea. Akamfungua jike mmoja mdomo akamtazama meno, kwa mkono wa mtu aliyewahi kufanya hivyo. "Mama yangu alifuga. Tulikunywa maziwa yao tu." Akasimama hapo akimkuna mbuzi katikati ya pembe, hanitazami. "Mjukuu wangu anasema si bei. Basi ni nini? Eleza. Taratibu, sikio hili halisikii."

Nikahamia upande wa sikio zima. Nikamweleza kama ninavyowaeleza ninyi. Kwamba sinunui mtu. Kwamba hawa mbuzi hawamlipi binti, wanamfungulia mlango wa kwetu. Wasipofika, ataishi kwangu miaka yote akiwa amesimama uani. "Hata akifa, mzee. Watabishana juu ya kaburi lake pale pale, jeneza likiwa chini. Nimeliona hilo kwa macho yangu, si dadau. Nisipotoa, nimemtupa."

Alitikisa kichwa pole pole. "Na mimi nikipokea, nimemuuza."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo tuko wawili tumenyoosha mikono, na hakuna anayeweza kupokea." Akacheka kidogo, cheko kavu lililoishia kwenye kikohozi. "Mzizi umekwama."

Hapo ndipo akili yangu ya biashara iliporudi mahali pake, na sioni aibu kusema kwamba wasomi wote wa dunia wasingeliona. Kati ya mtu anayetoa na mtu asiyeweza kupokea kuna nini? Kuna soko.

"Mzee," nikamwambia, "ninunue."

"Nini?"

"Nunua mbuzi. Nakuuzia mimi. Ukinunua hujapokea zawadi wala bei ya mtoto, umenunua mifugo, hakuna anayekulaumu. Na mimi mbuzi wangu watakuwa wamefika mikononi mwa wenye binti. Kwetu hawaulizi walifikaje. Wanauliza wamefika?"

Mganda alikuwa ameacha kucheka, amesogea kusikiliza. Halafu nikaona jicho la mzee limebadilika, limekuwa jicho la mtu sokoni.

"Riyali moja," akasema.

"Kila mmoja?"

"Wote."

"Mzee! Mbuzi wa Kisomali? Tazama kifua! Kumi kila mmoja, na hapo nakupunguzia kwa heshima ya sweta lako."

"Huyu beberu ni mwizi. Amekula maua. Mwizi anauzwa rahisi."

"Amekula kwa sababu ana afya! Tano."

"Moja."

"Tatu, na kamba nakuongezea."

"Kamba naichukua. Riyali moja kila mmoja, na huo ndio mwisho, naenda kuangalia kriketi."

Akageuka kweli, akapiga hatua na ndara zake. Nilijua anatania na bado nikamkimbilia. "Haya, haya! Chukua!" Akarudi, akatoa noti tatu mfukoni, akanipa moja moja kwa mkono wa kulia. Nami nikamkabidhi kamba. Tulishikana mikono juu ya mgongo wa mbuzi, Mganda akapiga makofi, Mpakistani naye akapiga bila kujua ni ya nini.

Tulipofika juu, mzee alisimama mbele ya mwanangu, ambaye alikuwa hajahama ukingo wa kiti, akamwekea mkono begani akasema neno moja. Dattaa. Msichana akafunika uso. Nikamuuliza mama yake ni umbo gani hilo ambalo sikufundishwa. "Ametolewa," akaninong'oneza. "Yeye, mwanamke. Imeshakwisha."

Nikatoka kwenye kibaraza nikampigia kaka.

"Wamefika?"

"Wamefika. Kamba iko mikononi mwa mwenyewe."

"Amekubali?"

"Amekubali kabisa, amewakagua meno."

"Amechinja?"

Nikatazama kupitia kioo. Babu alikuwa anamweleza mke wangu jambo kwa vidole vyote kumi. "Bado."

"Ana subira," kaka akasema kwa heshima. "Huyo ni mkwe."

Sasa, ningeishia hapo ningekuwa mtu mwenye furaha tupu. Lakini kabla sijaondoka mzee aliniita mlangoni. Mbuzi ni mali yake sasa, si ndiyo? Ndiyo. Amelipa? Amelipa. Basi mwenye mali anaagiza wasichinjwe. Yeye atasafiri, hana pa kuwaweka, kwa hiyo mimi nimtunzie. "Wewe ni mtu wa mabasi sita," akasema. Ningefanya nini? Nikikataa na binti ametolewa leo hii, je, nikiamka kesho nitamkuta bado ametolewa? Nikawapeleka kwenye izba moja, kambi ya mifugo kule jangwani, kwa mchungaji wa Kisudani, akawa anawalisha majani makavu kwa malipo ya kila mwezi. Mzee akawa anapiga simu ya picha kutoka India kuwaona. Si kuniona mimi, wao. Nilikuwa naendesha hadi kule Ijumaa, nashika simu mbele ya pua ya beberu. Jike mmoja akiwa na kikohozi nilikuwa silali: nilihisi mbuzi akifa na ndoa nayo itakufa, na harusi ilikuwa haijafika. Nilimlipia daktari wa mifugo, mimi ambaye jino langu mwenyewe nililing'oa kwa koleo. Wakazaa, mapacha wawili wawili. Kila aliyezaliwa alikuwa mali ya mzee, na kila mmoja alikula.

Harusi ilifungwa Nairobi. Kaka alikuja, na wazee wote wa upande wetu, na bibi harusi alipoingia uani kwetu Machakos aliitwa mke wa nyumba hii mara ya kwanza tu, bila mtu kusitasita. Nilikuwa nimesimama nyuma kidogo, nikisubiri mtu aulize ladha ya ile nyama. Hakuuliza mtu.

Juma lililofuata, nimesharudi Doha niko izbani, mzee akapiga simu, akaniambia nimpe simu Msudani. Akamwambia kwamba wale mbuzi, wakubwa na wadogo, ni wake, Msudani, kuanzia sasa, bila malipo, na asirudishe kitu. Msudani hakuwa na shida yoyote ya kupokea. Alipokea kwa mikono miwili, akamwombea mzee dua ndefu, na mimi hakuniombea hata neno. Nikarudi kwenye gari nikajumlisha kila kitu hapo hapo, mbuzi na pikapu, maua ya mwenye nyumba, majani, daktari, mshahara wa mchungaji, nikatoa zile noti tatu nilizolipwa. Ilinigharimu riyali elfu tisa, mia nne na kumi na saba.